Kafi la Pili Lifungwe Wapi: Vifaa vya Akiba kwa Wapiga Kafi wa Ziwa Victoria

Kifaa cha akiba kilichozama hakimsaidii mtu. Huku Mwanza, mitumbwi mingi inayotoka Igombe, au inayozunguka Capri Point kwenda kisiwa cha Saanane, hubeba kamba, tochi, hata jaketi okozi, lakini vyote vimelundikwa sakafuni. Mtumbwi ukipinduka, vitu huenda upande wao nawe upande wako. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ubebe nini, amua kila kitu kitakaa wapi.

Jaketi livaliwe tangu nchi kavu. Lijaribu kwenye maji ya kifuani: kunja miguu, uone kama kidevu kinabaki juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa au mikanda imelegea. Tafadhali usilifanye mto wa kukalia. Sponji ikibonyea hupoteza uwezo wa kuelea.

Kwenye jaketi hilohilo funga kisu kifupi chenye ncha butu, maana nyavu zimetegwa kila mahali, pamoja na kipenga cha plastiki kisicho na gololi ndani. Gololi ikilowa hukwama. Ongeza taa ndogo inayowakawaka. Usiku wa giza ziwa hujaa taa za wavuvi wa dagaa, na taa yako ikitulia tu, atakayeiona atadhani nawe uko kazini.

Kafi huvunjika zaidi pale bapa linapokutana na mpini. La akiba lilaze chini ya ubao wa kukalia, ulishike kwa vipande viwili vya mpira wa tyubu vyenye kitanzi cha kuvuta. Fundo la kamba likilowa hukaza, na vidole vilivyochoka havilifungui. Jaribu kulichomoa kwa mkono mmoja, macho umefumba.

Kinachosahauliwa zaidi ni madumu. Mtumbwi wa mbao uliojaa maji huenda ukaelea, lakini kingo zake zikiwa sawa na uso wa ziwa, kila wimbi hurudisha zaidi ya ulichochota. Madumu manne matupu ya lita 20, mawili mbele na mawili nyuma, yakizama yote huinua zaidi ya kilo 70. Yafunge chini, kwenye mbao zenyewe, yasije yakachomoka. Kifuniko kinachovuja kiwekee duara la mpira wa tyubu ndani. Kopo la kutolea maji likate kutoka dumu la lita 5, ubakize mkono wake, kisha lifunge kwa kamba ya mita moja. Weka na la pili upande wa nyuma. Kamba ya kuvutana iwe mita 15, ya plastiki inayoelea. Ya nailoni huzama.

Simujanja ndani ya mfuko usiopitisha maji ni nzuri mpaka kioo kilowe. Beba na kiswaswadu chenye chaji kamili, kwenye mfuko wake, kimefungwa mwilini. Vitufe vyake hubonyezeka hata kwa vidole vyenye maji. Namba ya dharura ni 112. Mfuko ujaribu kwanza kwa karatasi kavu ndani ya ndoo, nusu saa.

Na mtu wa nchi kavu ajue unakwenda wapi na saa ngapi aanze kukutafuta. Mpe saa iliyo kabla ya giza: upepo wa usiku hadi alfajiri hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mtumbwi usio na kafi utasukumwa mbali na pwani.