Jibu: Klabu ya pikipiki za theluji hufanya nini kiangazi?

Salaam ndugu. Umejiunga na klabu huku Maine, jimbo la Marekani, mwezi wa Aprili, theluji imeshayeyuka, unauliza kama ada imeenda bure. Haijaenda. Kwanza ulizia siku ya kikao. Sisi hukutana hata kiangazi. Kazi kubwa ni wenye ardhi: njia nyingi huku hupita kwenye mashamba na misitu ya watu, na mmoja akikataa, mnaanza kutafuta pa kuzungukia. Ndiyo maana tunawaalika chakula na kuwaondolea miti iliyoanguka. Septemba na Oktoba ni kusafisha njia kwa misumeno, kutengeneza madaraja na kuweka vibao. Jitahidini mmalize kabla ya Novemba, wawindaji wa kulungu wanaingia porini na bunduki. Beba glavu. Mbu wa huku hawana adabu.