Uzoefu Peke Yake Hautoshi Kuamua

Mhariri,

Swali lenu la juma hili liliuliza: nani anastahili kuamua kwamba njia fulani ya kufanya kazi ndiyo nzuri, mwenye uzoefu, mwenye cheti au mwenye pesa? Nimesimamia mijengo hapa Nairobi kwa muda mrefu, kuanzia ghorofa za kukodisha kule Embakasi hadi maduka ya Kasarani, na hao watatu mliowataja nakutana nao kila siku wakibishana juu ya karai moja la zege. Jibu langu ni kwamba hakuna hata mmoja wao. Kila mmoja ana neno lake na anafaa kusikilizwa, lakini njia huwa nzuri pale tu inapopimwa kwa matokeo yake, ikapimwa tena na tena, na wote watatu wakakubali kushindwa na kipimo hicho. Naandika kwa sababu jambo hili linaua watu, na nimechoka kuona likigeuzwa kuwa ugomvi wa nani mkubwa.

Nianze na maji, kwa kuwa hapo ndipo tunapogombana zaidi. Siku ya kumwaga slabu mashine inanguruma tangu alfajiri, vibarua wako mbioni na wilibaro, na kufikia saa nane mchana mikono imechoka. Zege likiwa zito ni kazi kulisukuma hadi kwenye pembe na kulipenyeza katikati ya vyuma. Hapo fundi mkongwe hupaza sauti: "Ongezeni maji, vijana, mnatuua!" Ndoo moja ikishamwagwa, zege linateremka kama uji, kazi inakwenda mbio, na kabla ya magharibi slabu imesawazishwa na inang'aa. Ukitazama kwa macho, zege lililoongezwa maji ndilo zuri zaidi.

Ubaya wake uko ndani. Simiti inahitaji maji ili igande, lakini yanayotumika kwenye kuganda kwenyewe ni kama robo tu ya uzito wake. Tunaongeza kiasi juu ya hapo ili zege liweze kufanyiwa kazi; kwa mfuko wa kilo 50, lita 25 hivi hutosha kwa zege la kawaida. Yanayozidi hayana kazi. Hubaki humo, hukauka polepole na kuacha vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni, na nguvu hushuka. Mtafiti wa zege, Duff Abrams, alilieleza hili kule Chicago mwaka 1918 baada ya kuvunja vipande vingi mno vya zege: kiasi cha maji kikilinganishwa na simiti ndicho kinachotawala nguvu. Imepita zaidi ya karne, na bado tunabishana juu ya ndoo.

Fundi yule si mjinga, wala si mwizi. Amejenga kwa miaka thelathini, anaujua mchanga kwa kuufumbata tu mkononi, na nyumba zake zote zimesimama. Hiyo ndiyo hoja yake, na anaitoa kwa moyo safi: "Nimemwaga hivi tangu hujazaliwa, na hakuna hata moja iliyoanguka." Lakini kila nyumba iliyochorwa vizuri ina akiba. Mhandisi huipa nguvu kuliko mzigo inayotarajiwa kubeba, makusudi, kwa ajili ya siku mbaya. Ndoo ile ya maji inakula akiba hiyo. Vyuma vikipunguzwa, inaliwa tena. Ghorofa mbili zisizokuwa kwenye ramani zikiongezwa juu, inaliwa tena. Nyumba inaendelea kusimama, na kila aliyemega anajiona hakuharibu kitu. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita liliporomoka mtaa wa Huruma, hapa Nairobi, na kuua watu wapatao 50. Sisemi liliangushwa na ndoo ya maji. Nasema kwamba siku moja kabla, ungeweza kulionyesha kidole na kusema: tazama, limesimama, kwa hiyo walivyolijenga ni sawa.

Uzoefu huona vizuri makosa yanayojitokeza papo hapo: ukuta uliopinda, ngazi iliyokosa vipimo, plasta inayodondoka. Hauoni makosa yanayotokea mara chache, au baada ya miaka, au kwa mtu mwingine kabisa. Jiko la makaa la mwezi wa Julai ni vivyo hivyo. Baridi ya Nairobi inapoingia mifupani, familia huingiza jiko chumbani, hufunga dirisha, hulala na kuamka. Kila asubuhi wanayoamka salama huwathibitishia kwamba hakuna ubaya. Gesi inayotoka kwenye makaa hayo, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na wale iliowazidi hawaji kesho kumwonya jirani. Ukiuliza mtaani kama jiko la ndani ni salama, wote watakaokujibu ni walioamka.

Na mwenye cheti je? Dada yangu ni muuguzi wa watoto, na ndiye aliyenieleza habari ambayo tangu hapo naitaja kila ninapoambiwa "vitabu vimesema". Kwa miaka mingi, mtoto aliyefikishwa hospitalini akiwa na homa kali, mikono ya baridi na mapigo dhaifu, alitakiwa apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Ndivyo miongozo ilivyoelekeza. Watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland, aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, waliamua kulipima jambo hilo lililodhaniwa limekwisha. Katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania waliwagawa watoto 3,141 kwa bahati nasibu: wengine walipewa maji ya haraka, wengine hawakupewa, bali walitibiwa kwa njia nyinginezo za kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walikufa kati ya 10 na 11. Wasiopewa, walikufa 7 na kitu. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake.

Kinachonikaa rohoni hapo ni jambo la pili. Katika saa ya kwanza, watoto waliopewa maji ya haraka ndio waliopata nafuu zaidi. Mikono ilianza kupata joto. Daktari aliyesimama kando ya kitanda aliona kwa macho yake mwenyewe kwamba dawa inafanya kazi, na hakuwa akijidanganya. Aliyoyaona yalitokea kweli. Kifo kilikuja baadaye, na daktari mmoja mwenye wodi moja hawezi kujua kwamba mtoto huyu angepona kama angeachwa. Ilibidi wahesabiwe maelfu ndipo ijulikane. Simdharau mwenye cheti kwa kusema haya. Waliothubutu kuuliza swali hilo walikuwa wenye vyeti. Ila cheti hakikuwapa jibu. Walilipata kwa kuhesabu.

Mwenye pesa sina haja ya kumzungumzia sana. Achague rangi, vigae, na idadi ya vyumba ambayo ramani inaruhusu. Mara nyingi si yeye atakayelala ghorofa ya tano, na hiyo inatosha kumnyima kauli juu ya zege.

Wasomaji wengine watasema kupima ni mambo ya mahospitali makubwa na maabara. Sivyo. Kwenye mjengo tuna koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, iliyo wazi juu na chini. Unaijaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka unalidunga mara 25 kwa fimbo, unasawazisha juu, kisha unaivuta koni juu taratibu na kutazama zege limeshuka kiasi gani; likishuka mno, maji yamezidi. Ni kazi ya dakika chache. Juma lililopita aliyekuwa na koni ni binti anayejifunza kazi kwetu. Alivuta koni, zege likakaa chini. Akapima, akamgeukia fundi mkongwe: "Mzee, hili limeshuka kupita kiasi. Halipandi juu." Vibarua wakanyamaza wakingoja mzee afoke. Mzee alitazama zege, akaenda kwenye rundo la mchanga, akachota kiganja na kukifumbata. "Mvua ya usiku," akasema. "Mchanga umelowa. Maji mliyopima ni sawa, lakini mengine yako humu." Tukapunguza maji kwenye mashine, koni ikapimwa upya, ikakubali, kazi ikaendelea.

Hapo wote wawili walihitajika. Koni ilisema kuna kosa lakini haikusema limetoka wapi. Mkono wa mzee ulijua. Na ule mkono, bila koni, ungemwaga zege lile lile kama ulivyozoea. Ndiyo maana nakataa kuulizwa nichague kati ya uzoefu na kipimo. Ninachodai ni kwamba uzoefu ukubali kupimwa mbele za watu, tena na binti wa juzi.

Hilo la binti nalisisitiza kwa sababu kipimo kisicho na mtu wa kusema "simamisha" ni chuma tu. Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya upasuaji, iliyojaribiwa katika hospitali za miji minane, mmojawapo Ifakara, hapo kwa jirani zetu Tanzania. Mambo ya kuhakikisha yalikuwa 19 tu, mengine mepesi kabisa: huyu ndiye mgonjwa, hapa ndipo pa kupasua, vifaa na vitambaa vimehesabiwa. Vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Mojawapo ya yale 19 ni kwamba kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliye chumbani ajitaje kwa jina na kazi yake. Dada yangu anasema muuguzi aliyekwisha kutaja jina lake mbele ya daktari mkuu ni rahisi kwake kufungua kinywa anapoona jambo halijakaa sawa. Namwamini, maana kwetu kibarua anayeitwa "wewe wa karai" haonyi mtu.

Kipimo nacho hutegemea mahali kilipopimwa. Zege la Mombasa kwenye jua kali hukimbia kukauka, na usipolimwagilia linapasuka. La Nairobi mwezi wa Julai hukomaa polepole kwa sababu ya baridi, kwa hiyo mbao za kushikilia slabu zinahitaji kukaa zaidi. Fundi anayehama na tarehe za Mombasa kichwani na kuzitumia hapa atatoa mbao mapema. Kanuni nazo huzeeka: zile za majengo za 1968 zilitutawala kwa zaidi ya nusu karne kabla ya kupata za 2024.

Nikiri mpaka wa hoja yangu pia. Si kila kitu kinapimwa kwa koni. Mjengoni kwetu kila asubuhi tunasalimiana mkono kwa mkono kabla ya zana kuguswa, na hakuna utafiti nitakaoungoja juu ya hilo. Namna ya kulipana nayo niliwaachia vibarua waamue. Wengi walitaka M-Pesa kila Jumamosi kwa sababu inaacha ujumbe kwenye simu na hakuna wa kudai umekwisha kulipwa. Mama wawili wanaotupikia walitaka pesa mkononi, kwa kuwa mboga wanainunua papo hapo. Tunafanya yote mawili. Pale ambapo uzito wa jambo unawaangukia watu wanaoweza kujisemea, waulizwe hao.

Lakini mpangaji wa ghorofa ya tano hajaulizwa. Siku zege linapomwagwa hata hajajulikana ni nani. Kwa ajili yake tunachukua vipande vya zege vya milimita 150 kila upande, tunavilaza majini, na vinavunjwa kwa mashine vikiwa na siku 7 na siku 28, ijulikane vimebeba mzigo gani. Matokeo hayo mara nyingi huishia kwenye faili la ofisi. Kwenye lango la mjengo kuna ubao wenye majina ya mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi na namba za vibali. Ningependa serikali ya kaunti na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi wadai nafasi moja zaidi kwenye ubao ule: matokeo ya siku 28 ya kila ghorofa, yaandikwe kabla ghorofa inayofuata haijakamilika, kwa herufi ambazo mtu aliye kwenye matatu anaweza kuzisoma. Na nyumba ikishahamiwa, karatasi hiyo ibandikwe pale ngazini, karibu na mita za stima, ambapo mpangaji husimama akihesabu tokeni.

Msimamizi wa mjengo,
Nairobi