Choma uzi kwanza, halafu tuzungumze habari ya rangi

Vijana wa gereji, hebu tuelewane. Siti ya Probox imepigwa na jua la Nakuru mpaka nyeusi imekuwa zambarau. Nanyi mbio mpaka sokoni: kipakiti cha rangi ya unga, maji moto, chumvi, brashi. Jioni siti inapendeza, hela mmepokea. Kabla ya wiki kwisha mwenye gari amerudi, shati jeupe, mgongo mweusi. Kila mwaka ni hivyo hivyo.

1. Jua siti imefumwa kwa uzi gani. Siti nyingi za kitambaa ni poliesta, chache ni nailoni. Kile kipakiti ni cha pamba. Pamba hunywa maji na rangi ikaingia nayo, na chumvi kazi yake ni kuisukuma rangi itoke majini ishike uzi. Poliesta haina kiu hiyo. Uzi wake umebana, haulegei ila kwa joto kali: una rangi zake maalumu, nazo hutaka maji yanayochemka pamoja na dawa ya kuzisaidia kupenya, au kiwandani nyuzijoto 130 ndani ya mtungi wa presha. Sasa nani atachemsha siti na sponji yake na vyuma vyake? Kwa hiyo ulichopaka kimekaa juu tu kama vumbi la barabarani, kinangoja jasho la kwanza. Ukiambiwa imetoka, unaongeza chumvi! Mwaga debe zima, poliesta haikusikii. Wengine huja na siki. Siki husaidia rangi za nailoni na sufu, tena kwenye moto. Juu ya poliesta umetengeneza kachumbari.

Kipimo ni kiberiti. Vuta nyuzi mbili tatu chini ya siti, zishike kwa koleo, toka nje mbali na petroli, washa. Poliesta hujikunja, huyeyuka kwa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu. Pamba huungua kama karatasi, ikabaki majivu laini.

Kuna mjanja atakayesema avue kava aichemshe kwenye sufuria. Geuza kava hiyo uitazame nyuma: nyingi zimegandishwa sponji nyembamba. Ikichemka, sponji inabanduka au kava inarudi ndani, na hapo utaivuta mpaka kucha zing'oke, kwenye siti haikai tena.

Kama kosa limeshatendeka, usifunike kwa rangi nyingine. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, futa kwa kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe.

2. Tumia rangi ya kitambaa ya akriliki, ile inayochanganywa na maji. Hii hupakwa juu ya uzi na kuung'ang'ania, haiingii ndani. Chagua rangi ile ile ya siti au nyeusi zaidi. Kutoka nyeusi kwenda krimu utalundika tabaka mpaka siti iwe turubai.

3. Safisha. Vuta vumbi, osha kwa sabuni isiyo na kilainishi, kisha pitisha spiriti, maana ile dawa ya kung'arisha dashibodi huacha silikoni kwenye siti na rangi hujikusanya matone matone. Halafu kausha kwelikweli. Kitambaa hukauka mapema, sponji iliyo chini bado imejaa maji, na kwa unyevu wa Kisumu inaweza kukaa hivyo siku nzima ikaanza kunuka. Kandamiza kitambaa kikavu kwa goti, kikilowa, ngoja. Osha asubuhi, milango wazi, kabla mvua ya alasiri haijakukuta.

4. Ziba mikanda, plastiki na kapeti kwa gazeti na tepu. Tabaka la kwanza changanya rangi na maji nusu kwa nusu, nyunyiza ukiwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye siti, kidogo tu. Ikiwa bado mbichi, sugua kwa brashi laini huku na huku ili nyuzi zisigandane. Ikauke, ndipo upake la pili, maji yakiwa machache zaidi. Mawili au matatu yatosha. Mwenye haraka hupaka moja zito, nalo hupasuka pale ukingoni dereva anapoingilia. Mwisho, pitisha pasi ya joto la wastani juu ya kitambaa kikavu ulichokitandaza kwenye siti, isisimame mahali pamoja, kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

5. Ukiona kibandiko cha SRS ubavuni mwa siti, mfuko wa hewa wa kumkinga mtu ajalini uko humo. Mshono huo usiupake: ukikakamaa, mfuko unaweza kushindwa kuupasua. Plagi za manjano chini ya siti ni za mfumo huo huo, usiziguse.

Kabla hujarudisha funguo, lowesha kitambaa cheupe, kikamue, usugue ukingo wa dereva mara 20. Kikichafuka, rudia pasi. Na mwambie mwenye gari asiioshe siti wiki nzima, hata kama mtoto amemwaga uji.