Laptopu kwenye IST: waya wa USB mtupu haufai

Mkuu, umeuliza kama waya wa USB uliochongwa kienyeji unatosha kuunganisha laptopu na Toyota IST yako ili usome hitilafu za gari. Hapana, hautasoma kitu, na unaweza kukuunguzia laptopu. Kwenye ile soketi ya kusomea hitilafu, chini ya usukani, pini namba 16 inatoa umeme wa betri moja kwa moja, volti 12. USB ni volti 5. Lazima katikati kuwe na kifaa cha kutafsiri. Cha bei nafuu ni chenye chipu ya ELM327, na kwa laptopu chukua cha waya, achana na vya Bluetooth.

Ila IST yako ya 2003 imetoka Japani, na hapo ndipo watu wanapoliwa hela. OBD-II, yaani mfumo wa pamoja wa kusoma hitilafu za gari kupitia soketi hiyo, ilikuwa lazima Marekani tangu 1996, na Ulaya 2001 kwa magari mapya ya petroli. Gari za soko la ndani la Japani za miaka ile hazikubanwa na sheria hizo. Soketi inafanana, lugha si lazima ifanane. Vitz yangu ilinitesa hivyo wiki nzima, kifaa kinatafuta tu, mpaka nikaazima kebo ya Mini-VCI na programu ya Techstream ya Toyota wenyewe. Ikasoma papo hapo (ila ilitaka Windows ya zamani, jiandae).

Kabla hujatoa hela Kariakoo, mwambie muuzaji aijaribu kwenye gari lako. Funguo iwashe taa za dashibodi tu, injini si lazima iwake.