Diski Ikikaa Kimya, Usikimbilie Kuongeza Sekunde

Wanaoanza kushughulikia draiva (programu zinazoendesha vifaa) za kontrola za diski, yaani saketi zinazosimamia diski, huniletea malalamiko yanayofanana: mfumo unaganda, baada ya sekunde 30 logi inasema amri imepitiliza muda, kisha diski inaamka kana kwamba hakuna lililotokea. Dawa wanayoifikiria nayo ni ileile, sekunde 30 ziwe 60 au 120. Mimi nimehangaika na kontrola za AHCI na NVMe, viwango viwili vya kuwasiliana na diski, kwenye Linux kwa miaka sasa, na ninachowaambia ni hiki: namba hiyo usiiguse kabla hujajua, muda ulipokwisha, bafa ya amri ile (sehemu ya kumbukumbu inayobeba data yake) ilikuwa mikononi mwa nani.

Draiva huandika amri kwenye foleni iliyo ndani ya RAM, kisha hugonga kengele, yaani huandika namba kwenye rejista, kisehemu kidogo cha kumbukumbu ndani ya kontrola. Kuanzia hapo bafa si yako. Kontrola itaisoma au kuiandika yenyewe kwa DMA, bila kupitia kwa prosesa, na bafa hurudi kwako pale tu jibu linapotua kwenye foleni ya majibu. Karibu hitilafu zote za kutisha nilizowahi kuzifukuzia zilitokana na pande mbili kuamini kwa wakati mmoja kwamba bafa ni mali yao.

Kwa hiyo soma logi kwa makini kabla ya kufungua msimbo. Draiva ya NVMe ya Linux, muda ukiisha, huchungulia foleni kwanza. Ikikuta jibu limeshafika, husema hivyo waziwazi. Hapo diski haina kosa. Ilimaliza kazi, ila intarapti, ishara ya kumshtua prosesa, haikufika. Angalia MSI-X (utaratibu wa kutuma intarapti), angalia intarapti imeelekezwa kwenye kiini gani cha prosesa, na kama kiini hicho kiko hai. Ukisoma rejista ukapata 0xFFFFFFFF, maana yake aghalabu ni kwamba kontrola haijibu tena kwenye basi la PCIe, njia inayoiunganisha na kompyuta: pengine umeme, pengine imelala usingizi mzito wa kubana matumizi ya nishati na haikuweza kuamka. Na ikiwa rejista ya hali imewasha biti ya hitilafu kuu, kontrola yenyewe inakiri kuwa imeanguka. (Kontrola nazo huendeshwa na programu zilizoandikwa na watu. Draiva hiyo ina orodha ya modeli zinazohitaji kubembelezwa, na ukiisoma utajisikia nafuu.)

Sasa tuje penye shida. Tuseme amri ya kusoma imepitiliza muda. Draiva inakata tamaa, inarudisha kosa kwa aliyeomba, na kurasa za kumbukumbu zinaachiliwa. Kerneli, moyo wa mfumo wa Linux, inazigawa kwa programu nyingine kabisa. Baadaye kidogo diski inazinduka, inakumbuka ile kazi, inaandika data yake kwenye anwani ileile. Programu isiyohusika inaanguka, na hakuna atakayeshuku diski. Ndiyo maana mpangilio wa kuzima ni lazima uheshimiwe: kwanza zima kontrola kwa biti yake ya kuiwezesha, subiri biti ya utayari ishuke hadi 0, na hapo ndipo uzifute amri zilizobaki. Muda wa kusubiri usiubuni kichwani. Kontrola ya NVMe hutangaza muda wake wa juu kabisa katika rejista ya CAP, kwa vipande vya milisekunde 500. Ukiwa na IOMMU, kifaa kinachodhibiti kumbukumbu ambazo vifaa vinaruhusiwa kuzigusa, iwashe katika majaribio yako. Itaidaka kontrola inayoandika mahali isiporuhusiwa na kukupa anwani yenyewe.

Kuna hitilafu nyingine ninayoipenda, kama hitilafu inaweza kupendwa. Kila jibu la kawaida la NVMe ni baiti 16, na ndani yake mna biti moja inayogeuka kila foleni inapozunguka upya. Kwa biti hiyo draiva hutambua kama jibu ni jipya au ni la mzunguko uliopita. Ukiandika msimbo unaokagua biti hiyo kisha ukasoma namba ya amri bila kizuizi cha kumbukumbu (agizo linalomlazimisha prosesa kufuata mpangilio wa usomaji) katikati, kwenye prosesa za x86 utaishi kwa raha mustarehe. Upeleke kwenye prosesa za ARM: hapo prosesa ina ruhusa ya kusoma namba ya amri kabla ya biti. Unapata biti mpya na namba ya zamani, na draiva inatangaza kumalizika kwa amri isiyokuwa yake. Ukiambiwa hitilafu inatokea kwenye aina moja tu ya prosesa, vizuizi vya kumbukumbu viwe vya kwanza kukaguliwa.

Usijaze printk, amri za kuandika ujumbe kwenye logi ya kerneli, kila mahali. Zinapunguza kasi kiasi cha kuficha mashindano yenyewe ya pande mbili kuwahiana, na utaamini umetengeneza kumbe umechelewesha. Tumia ftrace, chombo cha kerneli cha kufuatilia hatua zake. Washa KASAN ili ikuonyeshe kumbukumbu inayoguswa baada ya kuachiliwa, lockdep kwa kufuli, na ukaguzi wa DMA uliomo ndani ya kerneli. QEMU, programu ya kuiga kompyuta, ina kontrola ya NVMe ya kuiga, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika bila kuhatarisha diski halisi. Kama toleo la zamani lilikuwa zima, git bisect, inayogawa mabadiliko nusu kwa nusu hadi kumpata mkosaji, itafika: mabadiliko 1,000 huhitaji takriban hatua 10.

Kwa kupima, endesha fio, chombo cha kusoma na kuandika diski kwa wingi, ikiwa na uhakiki wa data, si kasi tu, na wakati inaendelea lazimisha kontrola ianzishwe upya tena na tena. Njia ya makosa ndiyo isiyopitwa na mtu siku za kawaida, na hitilafu hujificha humo. Kisha kata umeme ghafla katikati ya kuandika, kwenye diski usiyoijali. Draiva inayopuuza amri ya kumwaga kache (kuiambia diski ihifadhi kabisa data iliyo kwenye kumbukumbu yake ya muda) itafaulu vipimo vyote isipokuwa hiki.

Ukituma kiraka, yaani mabadiliko ya msimbo, kimoja kitengeneze jambo moja, na kwenye maelezo eleza bafa ilikuwa ya nani kabla na baada. Mkaguzi akikuuliza kwa nini hukuongeza tu sekunde, jibu liwe tayari limo.