Re: Vipimo safi, lakini tumbo haliachi kusokota

Pole sana ndugu yangu. Umeuliza inakuwaje kipimo cha choo na cha vidonda vya tumbo visome safi, nawe bado tumbo linasokota na kujaa gesi hadi uende chooni. Maumivu hayo ni ya kweli, usikubali kuambiwa unajidekeza. Dalili hizi zinafanana na za IBS, yaani utumbo unaosumbua bila ugonjwa unaoonekana kwenye vipimo. Kwenye IBS utumbo hauna kidonda. Mishipa yake ya fahamu inahisi kupita kiasi. Ndiyo maana hata mawazo na kukosa usingizi huamsha maumivu.

Maharage, vitunguu vingi, chapati za ngano na maziwa huchachuka sana utumboni. Punguza kwa wiki chache, kisha rudisha kimoja kimoja ujue adui wako ni nani. Hapa Dodoma tuna nafuu: ugali wa uwele au mtama hausumbui wengi, ule na mlenda usio na pilipili. Na tafadhali, acha kukimbilia Flagyl (dawa ya kuua amiba na bakteria) duka la dawa kila tumbo likivuruga. Hiyo haitibu IBS.

Ila ukiona damu kwenye choo, uzito unashuka, au maumivu yanakuamsha usiku, usijitibu nyumbani. Rudi hospitali mapema.