Barua kwa mwanangu: lile swali lako la Winston

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma usiku nikalala nayo. Umeniuliza mbona kwenye hivi vitabu vya serikali za kutisha mnavyosoma chuoni, mtu anayekataa kuwa kama wengine, mfano yule Winston wa Orwell, lazima mwishowe avunjwe, na kama ni hivo si bora afuate tu wenzake akae salama, tena ukaongeza kwamba sisi Waafrika mtu ni watu, hayo ya kujitenga ni mambo ya Wazungu. Hapo mwisho sikubaliani na wewe kabisa.

Kile cha Mwingereza Orwell, 1984, ulichokiacha juu ya cherehani nilikimaliza, na kile cha Mrusi Zamyatin, We yaani Sisi, pia, ambacho kwao kilichapishwa 1988 ilhali kwa Kiingereza kilishatoka tangu 1924. Cha Mrusi kilinishika sababu ya kazi yangu, watu wote unifomu moja, hawana majina wana namba, nyumba za vioo, hata tonge linatafunwa mara 50 kwa sheria. Mimi nimeshona unifomu za shule hapa Jinja zaidi ya miaka 30 na nakwambia kitambaa kimoja hakijawahi kuwafanya watoto wawe sawa. Yule anayechota maji kila asubuhi bega lake la jerikeni limeshuka, usipolipima peke yake shati linakaa upande. Kuvaa sawa, kuimba pamoja, kula sinia moja, hayo hayanitishi.

Angalia wanavunjwa lini. Winston wamempiga, amekiri kila kitu, lakini mwenyewe anajua bado hajamsaliti mpenzi wake Julia. Anaisha siku ile ya chumba 101, chumba cha mateso, wanapomsogezea panya usoni akalia wamfanyie Julia, sio yeye. Na D-503, yule mhusika mkuu wa Zamyatin mwenye namba badala ya jina, ambaye mwanzoni alikuwa mfuasi mzuri kabisa wa sheria, baada ya kupasuliwa kichwa na kutolewa sehemu inayomfanya mtu awaze na kuota mambo anakaa anamtazama mwanamke aliyempenda akiteswa na hahisi kitu. Serikali zile zinataka kila mtu abaki peke yake, asiwe na hata mtu mmoja anayekataa kumsaliti. Ukifuata watu ili upone unaweza kujikuta huna mwenzako hata mmoja.

Nina sababu ya kusema hivi. 1972 Amin alipowapa Wahindi siku 90 wahame, nilikuwa na miaka minane. Babu yako alikuwa mkataji nguo kwenye duka la Mhindi mmoja hapa mjini, na huyo tajiri hakuwa malaika, mshahara mdogo na maneno mengi. Siku anaondoka watu wamejaa barazani wanapiga makofi, babu yako akatoka mbele ya wote akambebea sanduku mpaka kwenye gari. Usiku wakaja watu watatu nyumbani kuuliza mali ya yule Mhindi imefichwa wapi. Mimi niko chini ya meza, naona miguu tu, viatu vyao na vidole vya baba vimejikunja kwenye sakafu kwa woga. Akasema sijui. Wakampiga, akasema sijui. Alijua, mwanangu, aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye. Na kesho yake alikaa na majirani wale wale waliopiga makofi wakala posho pamoja, hakujitenga na mtu.

Alafu moja la mtihani wako: 1984 haiishii pale Winston anapompenda yule Kaka Mkubwa, kiongozi wa chama kinachotawala. Nyuma kuna nyongeza kuhusu ile lugha yao ya kupunguza maneno, wengi wanairuka. Imeandikwa kwa Kiingereza cha kawaida, na mambo ya chama yote yanasemwa kama yaliyopita. Wapo wasomaji wanaosema maana yake chama kilikuja kuanguka, na mimi niko nao. Isome polepole alafu nipigie jioni, mchana na hizi cherehani nne sisikii kitu.

Baba yako